Kitambaa cha Mechack

Kolwezi, Kanina
Tarehe 11, mwezi wa tano

Yaya wangu mpendwa Marlène, dada yangu mkubwa, na wewe Mama yetu unayesikiliza,

Nawasalimu wote wa nyumba, wakubwa kwa wadogo, kwa upendo mwingi. Mimi mzima, nashukuru Mungu, ila mgongo unauma na vumbi la malori limehamia kifuani, kukohoa ndiyo kazi yangu ya asubuhi kabla ya kushika randa. Huko mnaendeleaje? Mama, miguu imepungua kuvimba? Yaya, anakula? Usinijibu tena kwamba anakula kidogo kidogo, hilo jibu nimelichoka. Niandikie kama anamaliza bukari yake au anaiacha kwenye sahani. Mke wangu Falonne angewasalimu kwa mkono wake, lakini yuko Fungurume kwa dada yake, anauza sokoni.

Barua hii nampa Kabamba, yule anayepeleka chumvi Kongolo na kurudi na mawese. Anasema treni inaondoka Jumamosi. Wiki iliyopita pia ilikuwa inaondoka Jumamosi. Mkiisoma kabla ya mvua kurudi, msifuni Kabamba.

Mama, kwenye simu ulisema wamama wa kanisa wanakuja kukuuliza namna gani seremala, mtu wa misumari na mbao, aliweza kutoa kitambaa katika pamba ya shamba, na wewe unakosa la kuwajibu. Ulitaka niandike yote tangu mwanzo. Haya, nimeandika, tena kwa Kiswahili cha shule, maana najua unapenda barua isomeke kama tangazo la padri. Yaya atakusomea polepole, na asiruke maneno kama alivyokuwa anaruka katika barua za baba yetu, Tata.

Nianzie siku ile uliyokataa. Mechack, mdogo wangu, kitindamimba wako, alikuwa amebaki chini, kule upande wa mgodi wa Mashamba, katika shimo ambalo krezere, wachimbaji wa mikono, walilichimba wenyewe na halikuwa na mwenyewe. Maji yaliingia toka juu, watu saba hawakutoka, shimo likafukiwa, tukaambiwa turudi nyumbani. Nilikupigia simu kwamba tutazika mgomba kwa niaba yake, kama watu wetu wanavyofanya wanapokosa maiti, na kwamba nitanunua kitambaa kizuri cha kuufunga. Ukakataa. Ulisema Mechack alitoka kwako mikono mitupu, hatafungwa katika kitu cha dukani, cha mkono wa mtu usiyemjua. Atafungwa katika pamba ya mistari uliyoilima wewe nyuma ya nyumba, na mpaka siku hiyo wewe hutoki kwenye mkeka. Mimi nilidhani ni uchungu wa wiki moja. Halafu kiloba cha pamba kikafika na treni.

Mama, nikuambie ukweli, nilikitazama kile kiloba siku nne bila kukifungua. Babu alilima pamba kwa sababu kampuni ilimlazimisha, Tata akalima kwa sababu Babu alilima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona uzi wake. Pamba iliondoka kwa viloba, kitenge kikarudi kwa pesa. Ningemuuliza nani? Nilimuuliza jirani yangu mzee, Tata Kabemba, fundi cherehani wa miaka arobaini. Akanijibu kwamba uzi unatoka dukani, unakuja umezungushwa kwenye kigurudumu, na nikigundua mahali pengine unakotoka nimjulishe. Alicheka mpaka akavua miwani.

Basi nikajifundisha. Nilinunua mega za intaneti nikatafuta kwenye simu, nikampata mwanamke mmoja wa nchi gani sijui, anaongea lugha gani sijui, lakini mikono yake ilikuwa wazi. Nilizima sauti nikatazama mikono tu. Kutoa mbegu peke yake kulinimaliza miezi miwili. Nilikuwa nazitoa kwa vidole, kumi, ishirini, kucha zinauma, mpaka nikamwona akiviringisha fimbo ya chuma juu ya jiwe, mbegu zinaruka mbele kama mahindi ya kukaanga. Chuma! Mimi chuma nakosa? Nilichukua kipande cha nondo kwenye nyumba inayojengwa karibu yetu, na mbegu zikaanza kuruka.

Kusokota sasa. Nilichukua spoki ya baiskeli nikaichomeka katika kipande cha soli ya sandali, nikaizungusha. Uzi ulikatika. Nikaunga, ukakatika. Mama, mimi ni mtu wa hasira, unanijua, nilitupa spoki ile kwenye paa la jirani mara mbili na mara mbili nikaenda kuiomba kwa adabu. Uzi wangu wa kwanza ulikuwa mnene hapa, unywele pale, umejaa mafundo. Falonne alisema hata mbuzi hawezi kufungwa nao, atajifungua mwenyewe. Watu wakipita waliniona nimekaa mbele ya karakana, mwanaume mzima na ndevu zake, nazungusha kijiti, wakauliza kama nimehamia kwa wanawake. Niliwajibu vibaya wote. Lakini mwezi wa sita mkono ukaelewa. Siwezi kueleza namna gani, siku moja ulikuwa haujui na kesho yake ulijua.

Cha kufumia nilikitengeneza katika kitanda cha Mechack. Hakuna aliyekilalia tangu siku ile, na mbao zake nilizichonga mimi. Nilipiga misumari huku na huku, nikatanda nyuzi za kusimama. Kwenye simu mwanamke alizipaka uji ili ziwe ngumu, nami nikazipaka uji wa muhogo, mwingi, kwa moyo wote. Panya wakala nyuzi za miezi mitatu. Nilikaa chini nikalia, Mama, sioni haya kusema. Nikaanza tena. Mara ya pili nilipaka uji mwembamba na nikaazima paka wa Tata Kabemba, ambaye safari hii hakucheka.

Rangi unaijua ilipotoka. Mechack aliacha kiloba chake cha mwisho cha mawe nyuma ya mlango wangu, hakuwahi kukipeleka kuuza. Yule mwanamke wa simu alitia vipande vya shaba ndani ya sufuria ili rangi ishike, nami nikacheka peke yangu. Shaba! Sisi tunaifagia mlangoni. Nikachukua mawe ya kijani ya Mechack, nikayasaga, na kitambaa kikatoka kijani. Habari ya rangi ni hiyo, sitaongeza.

Waambie wamama wa kanisa kwamba ilichukua miaka miwili kasoro mwezi mmoja, na kwamba hakuna aliyenifundisha isipokuwa mikono ya mtu asiyejua kama niko duniani. Lile uliloomba kwa ajili yako mwenyewe, nitalijibu kupitia Yaya. Ulale vizuri kitandani, Mama. Usirudi kwenye mkeka hata kwa saa moja. Karatasi ya kwanza inakwisha hapa.

—

Yaya, hii ni yako peke yako. Mpe Mama maji, mfunike, utoke nje uisome mbali na mlango. Akiuliza mbona karatasi ni mbili, mwambie ya pili ni ugomvi wangu na Falonne, na hutakuwa umedanganya sana.

Kitambaa mlichomzikia Mechack si changu. Nilikinunua. Nilikinunua hapa Kolwezi, sokoni, kwa mtu wa Mali anayeuza nguo za kwao, zile zinazofumwa kwa vipande vyembamba virefu na kuunganishwa. Nimeandika na kufuta sentensi hiyo tangu mwezi wa tatu.

Usidhani sikufuma. Yote uliyomsomea Mama ni kweli, panya na paka na kitanda, yote. Nilifuma kitambaa kizima, kirefu kuliko mimi. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, lakini kilikuwa kitambaa, Yaya, Tata Kabemba alikishika akaita mke wake aje aone. Ubaya uko kwenye rangi. Mawe yale hayayeyuki kwa maji. Niliyachemsha siku mbili, maji yakabaki maji. Halafu nikakumbuka kwamba wanunuzi wa mawe hapa wanadondosha asidi juu ya jiwe waone kama linatoa povu. Nikaenda kwa fundi wa betri, akanipa chupa. Nilipomimina, unga wa mawe ulichemka bila moto, na maji yakawa ya kijani cha kupendeza mpaka nikamwita Falonne aje atazame. Kitambaa nilikuwa nimekichemsha kwanza na maganda ya mti, nikakitumbukiza. Kilitoka na rangi ileile ya mikono ya Mechack alipokuwa anarudi jioni, ile aliyokuwa anaisugua kwa sabuni na haitoki.

Falonne alisema nikisuuze. Alisema harufu hii si ya nguo, suuza maji mengi, suuza mpaka yatoke meupe. Nilimwaga maji ya kwanza, yakaenda kijani kwenye mfereji, yanapita mbele ya mlango wa watu pamoja na maganda ya muhogo. Yaya, sikuweza. Nilimwona Mechack anaondoka. Kile alichokitoa chini kwa mikono yake, kitu cha mwisho kabisa, nami nakimwaga kwenye mfereji wa Kanina! Nikasema inatosha, sisuuzi tena. Falonne akarudia. Nikamwambia wewe hukumzaa, hukumlea, nyamaza. Nilikianika kivulini, kikakauka, nikakikunja vizuri nikakifunga ndani ya plastiki kingoje treni.

Na siwezi hata kusema sikujua. Yule mwanamke wa simu alisuuza mara nne. Niliona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeitazama video ile zaidi ya mara mia.

Treni haikuondoka wiki tatu. Siku Kabamba alipokuja kuchukua mzigo, nilifungua nikitazame mara ya mwisho. Palipokunjwa palikuwa pameachana. Nikadhani panya tena. Nikainua pembe, pembe ikabaki mkononi. Nikagusa katikati, kidole kikapita, bila sauti, Yaya, hakikuchanika hata kwa sauti. Nilikuwa nakiita kwa jina lake, wewe Mechack, wewe Mechack, nakusanya vipande, na kila nikikusanya vinazidi kuwa vidogo. Mwisho nilikifagia. Kimo ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati. Ile asidi ilikuwa imekaa humo ndani inakila taratibu, wakati mimi nampitia kila jioni na kuweka mkono juu ya plastiki kama mtu anayemlaza mtoto.

Wiki hiyohiyo wewe ndiye uliyenipigia. Unakumbuka uliyoniambia? Kwamba daktari amesema sakafu itamuua, miguu imejaa maji, na Mama anasema hatoki kwenye mkeka mpaka mtoto azikwe. Kwamba amekwisha kusikia kitambaa kimemalizika, ametangaza mpaka kanisani, mgomba umechaguliwa. Kabamba alikuwa amesimama mlangoni anauliza mzigo uko wapi. Ningefanya nini? Kama unajua ningefanya nini niandikie, maana mimi mpaka leo sijajua. Nilimwambia anisubiri kwenye stesheni, nikaenda sokoni nikatafuta cha kijani. Kilikuwepo kimoja.

Kilikuwa kizuri mno. Hilo ndilo lilikuwa tatizo, hakuna mtu angeamini. Nilikifukia ndani ya vumbi la mbao la karakana kipate harufu yangu, nikavuta nyuzi hapa na pale kionekane cha mkono wa mwanafunzi. Nilikiharibu kwa uangalifu zaidi kuliko nilivyosuuza cha kwangu.

Halafu mkazika, na wewe kwa furaha yako ukanisimulia kwa simu. Ulisema Mama alikipapasa chote kabla ya kuufunga mgomba, akakuta fundo moja, akasimama hapo, akasema huyu ni Ngoy, anafunga hivi tangu alipokuwa anafunga mbuzi. Yaya, mimi nyuzi nilizivuta, fundo sikufunga hata moja. Lile ni la mtu wa Mali, au la yule aliyemfumia, mtu nisiyemjua na ambaye Mama hatamjua. Alikataa cha mkono wa mtu asiyemjua, na hicho ndicho tulichompa. Alilibusu fundo lile, ulisema. Niliweka simu chini, halafu nikakuambia mtandao ulikatika.

Falonne hauzi sokoni. Labda anauza, lakini hakwenda kwa ajili hiyo. Mama alipotupigia kushukuru, simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, akambariki Falonne kwa jina lake, yeye na tumbo lake, kwamba alimvumilia mumewe na pamba yake. Falonne alimaliza kuosha vyombo, akafunga nguo zake, akasema atarudi siku nitakayosema ukweli. Sasa nimekuambia wewe. Sijui kama kukuambia wewe kunahesabika, nadhani hakuhesabiki, maana wewe siye uliyekaa kwenye mkeka miaka miwili.

Na sasa Mama anataka cha kwake. Uliponiambia nilidhani unatania. Siku yake ikifika afungwe katika kazi ya Ngoy kama Mechack, maneno yake hayo, na Ngoy afanye haraka kwa sababu miguu haingoji. Nimejaribu, Yaya, usidhani nimekaa tu. Pamba ya kiloba ilikwisha yote. Mbegu nilikuwa nimezihifadhi kwenye bati, nikazipanda nyuma ya nyumba. Ziliota, zikafika magotini, majani yakawa manjano, vumbi la malori likakaa juu yake mpaka mvua ya mwisho. Vilifunguka vitumba viwili, vyeusi. Huko kwenu wewe mwenyewe umesema mistari ya Mama imemezwa na majani tangu aache kulima. Nilinunua pamba ya famasi. Ni fupi, haishikani. Na hata ingeshikana, mkono umesahau. Nikizungusha spoki uzi unakatika kama siku ya kwanza, na nikifumba macho naona ule mfereji. Kitanda nimeking'oa misumari, kimerudi kuwa kitanda. Hakuna wa kukilalia.

Ndani ya bahasha utakuta uzi umefungwa kwenye kijiti cha kiberiti. Ni ule wa kwanza kabisa, wenye mafundo, ambao Falonne alisema hauwezi kufunga mbuzi. Haukuguswa na rangi, ndiyo maana bado upo. Ni pamba ya Mama na ni mkono wangu. Hautoshi kitu chochote. Nakutumia tu uwe nao, usimwonyeshe, ataanza kuuliza.

Kufanya nimeshajua nitafanya nini, hata kama nakuomba ushauri. Yule wa Mali bado ana vitambaa. Nitachukua kingine, nitakiweka kwenye vumbi la mbao, nitavuta nyuzi mbili tatu kama mara ile, nitampa Kabamba. Ukikipokea usikikunjue mbele ya watu, mpelekee Mama kwanza akishike. Macho yake yamepungua, atapapasa. Atatafuta fundo. Safari hii nitamfungia moja mimi mwenyewe, kwenye pindo, upande wa kulia, namna ya mbuzi.

Kama moyo wako utakataa, mwambie yote, sitakulaumu. Lakini mwambie akiwa kitandani, na ukae karibu yake, na uandike siku uliyomwambia ili nijue ni siku gani niache kusubiri simu yake. Mimi sina nguvu ya kumwambia. Nimepima, sina.

Nisalimie shemeji na watoto wote, nisalimie wamama wa kanisa na maswali yao. Kwenye kaburi la Mechack usipeleke salamu yangu, nitaipeleka mwenyewe nikipata uso wa kuja nao. Usichome barua hii ndani ya nyumba, Mama ataisikia harufu ya karatasi. Naye akiuliza kuhusu kitambaa chake, mwambie nimeshaanza.

Mdogo wako,
Ngoy